Kabla ya Kutaja Miezi

Mwanetu alipohukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuiba sufuria mbili, aliyehuzunika mahakamani pamoja nasi alikuwa jirani aliyeibiwa. Yeye alitaka sufuria zake, au thamani yake, na kijana aombe radhi mbele ya wazee wa mtaa. Hakuulizwa.

Sisi tuliomlea twajua sufuria zile zilikwenda wapi: zilinunua unga. Na uraibu ni maradhi. Hautibiwi kwa kufuli. Mwaka 1989 mahakama moja ya Miami, Marekani, ilianza utaratibu mwingine kwa waliokutwa na dawa za kulevya. Mshitakiwa hupelekwa kwenye tiba, mkojo wake hupimwa mara kwa mara, naye hurejea mbele ya hakimu kueleza hali yake. Akihitimu, shitaka hufutwa. Akikaidi, kesi huendelea. Huo si ulegevu, kama baadhi ya wenzetu wanavyodhani. Kulala rumande ni kwepesi kuliko kuacha unga.

Nasi hatuanzi patupu. Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, dawa inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Suluhu nayo si ngeni kwetu Waislamu: hata katika kuua, Suratul Baqara, aya ya 178, imewaachia mawalii wa aliyeuawa mlango wa kusamehe na kupokea fidia. Itakuwaje sufuria?

Tunaloomba ni kwamba hakimu, kabla ya kutaja miezi, amwulize aliyeibiwa anataka nini, na amwulize tabibu mshitakiwa anaumwa nini.