Ghuba Huanzia Shambani

Niliajiriwa na idara ya maji mwaka 1983, nikapangiwa Kitale. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji mitoni na kupima kilichomo. Majirani walijua ninashughulikia maji ya kunywa, na kweli hayo yalikuwemo. Lakini sehemu kubwa ya nilichokipima ilikuwa njiani kwenda Ziwa Viktoria, na kadiri nilivyozidi kuizoea kazi ndivyo nilivyoacha kuyaona mashamba ya Trans Nzoia kuwa mbali na samaki wa ziwani.

Mto Nzoia hukusanya maji ya milima ya Cherangani na Mlima Elgon, pamoja na ya mito ya Bungoma kama Kuywa na Kibisi. Huporomoka Nabuyole karibu na Webuye, kisha huteremka kupitia Mumias hadi Bunyala, ambako huingia ziwani. Ni safari ya kilomita kama 250. Mto Sio nao huanzia Bungoma na kuishia kwenye ghuba ya Berkeley, mpakani na Uganda. Mvuvi wa huko ziwani hawezi kumwona mkulima wa Kitale wala wa Bungoma, ila udongo wao humfikia kila mwaka.

Mahali paliponifundisha zaidi ni kinamasi cha Saiwa, nje kidogo ya Kitale. Serikali ilikifanya hifadhi ya taifa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka, na ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, yapata kilomita 3 za mraba. Wageni huja kumtafuta nzohe. Mimi nilikwenda na chupa.

Tulichota maji yanapoingia kinamasini na yanapotoka. Maabarani, tulichuja kila sampuli kwenye karatasi nyeupe iliyokwisha kukaushwa na kupimwa uzito, tukaitia kwenye tanuri la nyuzi 105, tukaipima tena. Uzito ulioongezeka ndio tope. Baada ya mvua za Aprili, karatasi ya maji yaingiayo ilitoka na gamba jekundu lililopasukapasuka pembeni. Ya maji yatokayo ilikuwa na manjano hafifu tu. Matete na majani ya kinamasi yalikuwa yameipunguza kasi ya maji, tope likatua.

Tope lisilonaswa halisafiri peke yake. Fosforasi ya mbolea hushikamana na chembe za mfinyanzi, na mkulima wetu hutia mbolea ya kupandia Machi na Aprili, wakati ardhi iko wazi na mvua kubwa zinaanza. Udongo ukihama, mbolea aliyoilipia huhama nao. Ikifika kwenye ghuba yenye kina kifupi, ambako maji hayabadilishani upesi na ya ziwa kuu, hulisha mwani. Mwani ukifa huoza, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni, na samaki hukosa pumzi.

Niliiona kwa macho nguvu ya mbolea hiyo gugu maji, ambalo nalo hulishwa nayo, lilipoifunga ghuba ya Winam miaka ya 1997 na 1998, nilipopelekwa Kisumu kwa muda. Boti zilikwama gatini. Niling'oa shina moja na kuikung'uta mizizi yake, nyuzi nyeusi nyingi mno, ikadondosha tope jekundu mkononi. Lilikuwa tope la mito ya huko, kama Nyando, wala si la kwetu, maana Nzoia hauingii Winam. Hata hivyo njia ni ile ile. Fukusi wa jamii ya Neochetina walioachiliwa kuanzia 1997 walilila gugu hilo na kulipunguza, lakini fukusi hawezi kuizuia mbolea inayolirudisha.

Nilipohamishiwa Bungoma nilipata rafiki mzee, chini ya maporomoko ya Nabuyole, ambaye mgono wake wa kuvulia ulikuwa bado unaning'inia jikoni, umejaa masizi. "Mwanangu, wewe unapima maji, mbona hupimi ningu?" aliniuliza. Ningu ni samaki aishiye ziwani, lakini mvua zikinyesha hupanda mtoni kutaga kwenye nyasi zilizofurikwa kingoni. Mtafiti D. A. Cadwalladr aliandika mwaka 1965 jinsi uvuvi wa ningu ulivyoporomoka na mbinu za asili za kuvua katika Nzoia zikafifia nao. Nyavu zilizotandazwa midomoni mwa mito ziliwanasa wakiwa na mayai, kabla hawajataga. Kwa maoni yangu nyavu ndizo zilizoanza, na jembe likamalizia: zile kingo za nyasi nyingi sasa ni mahindi, miwa na mikaratusi. Nilimjibu mzee kwamba sina kipimo cha samaki ambaye hayupo, na jibu hilo liliniuma kuliko alivyojua.

Nimestaafu, na bado watu huniuliza ziwa litaponaje. Sheria ya Kenya inataka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa, si chini ya mita 6 na hadi mita 30 kulingana na upana wa mto. Wewe unayelima kando ya Saiwa, Kuywa au Sio, msimu huu pima hizo mita kabla ya kupiga jembe, na uziachie nyasi.