Umbeya wa Kwenye Runinga na Ule wa Kwangu

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mwanaume unayeamini kwamba umbeya ni mambo ya akina mama, hebu vuta kiti tuzungumze. Mimi nilikuwa mwenzio.

Mke wangu anapenda vile vipindi vya runinga vya marafiki wenye hela zao. Unavijua: leo wako kwenye bwawa la kuogelea, kesho kwenye hafla ya mavazi, usiku klabu, na katikati ya hayo yote huyu anamtaka wa yule, na yule bado hajamalizana na wa zamani. Siku Young, Famous & African ilipotoka Netflix, Machi 18, 2022, kwetu Tegeta hapakupikwa. Nilitumwa chipsi mayai.

Kusema ukweli alikuwa na sababu. Kipindi kilirekodiwa Johannesburg, lakini ndani yake alikuwemo mtu wetu kabisa, Diamond Platnumz wa Tandale, pamoja na mzazi mwenzake, Zari Hassan wa Uganda. Utakumbuka Zari alitangaza kuachana naye Siku ya Wapendanao ya mwaka 2018, kwenye Instagram, na picha ya ua jeusi juu. Watu hao wana watoto wawili. Sasa wamekutanishwa kwenye sherehe moja, kamera ziko pembeni. Nani asingetazama?

Mimi nilikaa naye kwenye sofa nikiwa na simu mkononi, najifanya nafuatilia habari za Simba na Yanga. Lakini mdomo ulikuwa hautulii.

"Hivi hawa watu hawana kazi?" nilimwuliza.

"Hii ndiyo kazi yao, mume wangu," alinijibu bila kugeuka.

Alikuwa sahihi. Mwanamuziki, mtangazaji, mwigizaji, mpangaji wa mavazi ya mastaa, wote wale wanaishi kwa majina yao. Jina likitajwa sana, kazi zinakuja. Ugomvi wa mezani unaozungumzwa Lagos, Johannesburg na Dar wiki nzima si hasara kwao, ni tangazo la biashara.

Nikacheka. Nikasema mimi siwezi kuanika mambo ya ndani kwangu mbele za watu, hata nilipwe mabilioni. Shika hilo neno, msomaji.

Kile kiti

Kama hujawahi kuvitazama kwa makini, vipindi hivi vinasimama juu ya vitu viwili. Cha kwanza ni meza. Kila baada ya muda lazima kuwe na sherehe au chakula ambacho wote wanaalikwa, hata wasiosalimiana, kwa sababu kamera inawataka sehemu moja. Cha pili ni kiti. Mhusika anakaa peke yake, amepambwa, anaeleza alichokuwa anakiwaza wakati ule alipotukanwa au alipokaa kimya. Mara nyingi mahojiano hayo hurekodiwa baadaye. Anayeuliza humwoni, swali lake limekatwa, limebaki jibu tu. Ndiyo maana nguo na nywele za kitini haziendani na zile za kwenye tukio.

Sisi tuliokua miaka ya 2000 kiti hicho tunakijua tangu Big Brother Africa. Mwaka 2003 Mtanzania mwenzetu, Mwisho Mwampamba, alishika nafasi ya pili. Mwaka 2007, mimi nikiwa bado sekondari, Richard Bezuidenhout akatuletea ushindi na dola 100,000. Mle ndani kulikuwa na chumba ambacho mshiriki aliingia peke yake kuongea na Big Brother. Wenzake waliokuwa sebuleni hawakusikia kitu. Afrika nzima ilisikia.

Msimu wa pili wa Young, Famous & African ulitoka Mei 19, 2023. Safari hii aliongezwa Fantana, mwanamuziki wa Ghana, akawa karibu na Diamond, na Zari hakufurahia hata kidogo. Usiku mmoja mke wangu alishika rimoti akasimamisha picha.

"Umegundua kitu?" akaniuliza. "Mtu akiwa na dukuduku, kamera ndiyo inaambiwa kwanza. Halafu mashoga. Halafu dunia nzima. Mwenye habari yake ndiye wa mwisho kuambiwa."

"Wanawake bwana," nikamjibu.

Sijui kwa nini hakunipiga na ile rimoti.

Kiti changu

Sasa nikupe yangu. Tulifunga ndoa mwaka 2019. Mwanzoni mwa 2023 tulikuwa bado hatujapata mtoto. Mama mkwe alikuwa ameacha kuuliza, na huko kuacha kuuliza kulituumiza kuliko alipokuwa anauliza. Tukaamua kwenda kupima wote wawili.

Vipimo vya mke wangu vilikuwa safi. Vyangu havikuwa safi. Daktari, mtu mpole sana, alinieleza kwamba mbegu zangu ni chache. Akasema mwili wa mwanaume huchukua zaidi ya miezi miwili kutengeneza mbegu, kwa hiyo nianze dawa, tusubiri, tupime tena baada ya miezi mitatu. Akasema pia kwamba katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, mwanaume ana mchango wake. Aprili ya mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hukutana na tatizo la uzazi katika maisha yake. Takwimu zote hizo hazikunisaidia. Mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu: chache.

Tulikubaliana kwamba hiyo ni siri ya chumbani.

Kila Ijumaa baada ya kazi nakutana na washkaji zangu watatu niliosoma nao chuo, kwenye baa moja pale Mwenge. Nyama choma, ndizi za kuchoma, bia mbili tatu. Wote tumeoa na wake zetu wanafahamiana. Ijumaa moja mmoja wao akanitania, "Mwanangu, ubwabwa wa mtoto tunakuja kula lini?"

Nikameza bia. Nikasema, "Tunahangaika na hospitali, kaka. Shemeji yenu yuko kwenye matibabu."

Sikupanga kusema hivyo. Maneno yalitoka yenyewe, na yalipotoka nikasikia nafuu. Washkaji wakanipa pole. Mmoja akanipigapiga begani na kulipa raundi nzima. Ijumaa iliyofuata wakauliza maendeleo, nikaongeza chumvi. Miezi mitatu nzima nilisikilizwa, nikahurumiwa na kununuliwa bia kwa ugonjwa ambao mke wangu hakuwa nao.

Meza yao na meza yetu

Juni ikafika. Mmoja wa washkaji alikuwa amepandishwa cheo kazini, akatualika kwake Mbezi Beach, wanaume wanne na wake zetu wanne. Kulikuwa na biriani, kuku wa kuchoma, mvinyo kwa wanaokunywa. Mke wangu alivaa gauni la kijani ambalo nilimnunulia mwenyewe. Tulicheka sana usiku ule. Ungetupiga picha ungedhani na sisi ni mastaa wa mahali fulani.

Baada ya kula, mke wa mwenyeji wetu akamsogelea mke wangu. Alidhani ananong'ona, lakini muziki ulikuwa umeisha na hakuna aliyeweka mwingine.

"Pole sana shosti," alimwambia. "Usikate tamaa. Shangazi yangu kule Tanga ana dawa ya kusafisha kizazi, wengi wamefanikiwa. Na umshukuru Mungu kwa mume uliyempata. Amekuvumilia."

Meza nzima kimya. Hakuna aliyeuliza dawa ya nini. Hapo mke wangu akajua kwamba wote pale walikuwa wanajua, isipokuwa yeye.

Alinitazama mara moja tu. Neno moja lingetosha kuniaibisha mbele ya watu wote. Akatabasamu, akamshika mkono yule dada na kusema, "Ahsante shoga yangu. Nitakutafuta unipe namba ya shangazi."

Kisha akaomba maji ya kunywa.

Njiani

Kutoka Mbezi Beach hadi kwetu si mbali. Usiku ule Barabara ya Bagamoyo ilikuwa ndefu. Tulipopita Mtongani ndipo akafungua mdomo.

"Ningewaambia nini?" alisema. "Ningesema si mimi, ni yeye, wangekucheka. Siri ile ni yako. Nikaona niitunze mimi, maana wewe imekushinda."

Sikuwa na jibu. Mbele kidogo akaongeza, "Wale unaowacheka kila siku wamesaini mkataba na wanalipwa. Mimi nilisaini wapi?"

Msomaji, nimewahi kufokewa na mabosi, nimewahi kukatwa mshahara, lakini sijawahi kusikia maneno yaliyoingia kama yale. Nilikuwa nimemkalisha kwenye kipindi bila kumwuliza, nikampa nafasi ya mgonjwa, mimi nikachukua ya mume mvumilivu. Nilichojipatia ni huruma na bia. Mastaa wakigombana, majina yao hukua. Kwetu ugomvi haukuingiza hata senti tano.

Siku tisa tulilala na mto katikati. Runinga haikuwashwa. Ajabu ni kwamba nilizikumbuka zile kelele za watu wa Johannesburg.

Nilimwomba msamaha zaidi ya mara moja. Alinisikiliza vizuri, halafu akaniambia, "Mimi umeshaniambia. Sasa kawaambie uliowaambia."

Kurudi kitini

Ijumaa ile nilifika baa wa kwanza. Washkaji walipokamilika nikawaambia kabla nyama haijaja, maana nilijijua, nyama ikifika nitapata pa kujificha. Nikasema, "Mke wangu ni mzima. Tatizo ni langu. Niliwadanganya."

Usidhani walinikumbatia. Mmoja aliangalia simu yake. Mwingine akacheka na kusema niwe nakunywa supu ya pweza. Nilikuwa nimetegemea utani huo, na bado uliniuma. Mwenyeji wetu wa Mbezi Beach hakusema kitu. Alimaliza bia yake akaondoka mapema. Saa tatu usiku mkewe akampigia mke wangu, wakaongea karibu saa nzima mlango umefungwa. Mke wangu alipotoka macho yalikuwa mekundu. Hakunieleza walichozungumza, na nilijizuia kuuliza.

Usiku ule mto ulirudi mahali pake.

Msimu wa tatu ulitoka Januari 17, 2025, tukautazama pamoja, mimi bila simu mkononi. Kabla mwezi huo haujaisha, 2Baba wa Nigeria akatangaza kwamba yeye na mkewe Annie wameachana. Annie ndiye yule binti wa kwenye video ya African Queen, wimbo uliompaisha 2Baba mwaka 2004, na tangu msimu wa kwanza alikuwa ameeleza mbele ya kamera maumivu ya mume wake kuwa na watoto kwa wanawake wengine. Zamani ningesema neno. Safari hii niliwaza tu kwamba taa za kamera zikizimwa, hata mastaa wanarudi kwenye nyumba yenye chumba cha kulala, na mle ndani hakuna wa kukata kipande kibaya.

Siachi kwenda Mwenge Ijumaa, wala sikushauri uache marafiki. Mtu anahitaji mahali pa kushusha mzigo. Ila kwetu siku hizi kuna utaratibu mmoja: jambo la ndani, wa kwanza kulisikia ni yule linalomhusu. Likitakiwa kutoka nje, linatoka kwa ruhusa ya wote wawili, na linatoka lilivyo. Jaribu na wewe wiki hii. Kabla hujafungua mdomo baa, saluni au kwenye kundi la WhatsApp, jiulize kama mwenzako ameshalisikia neno hilo kutoka kinywani mwako.

Najua utaniuliza: sasa mbona umeyaandika haya gazetini? Nilimwomba mke wangu ruhusa kabla sijaandika mstari wa kwanza. Amesoma yote akiwa amekaa hapa pembeni yangu, akafuta sehemu mbili, na hutazijua.

Na kama unataka kujua iwapo tumepata mtoto, naomba unisamehe. Hilo tumekubaliana libaki chumbani.