Sola ipo, jenereta ipo, vichwa vinauma (Sehemu ya 3)

Leo sisemi chanjo wala uji wa mtoto. Nasema jenereta, na kosa ninalosimulia ni langu mwenyewe.

Tulipofunga sola juu ya paa nilidhani tumeagana na giza. Siku moja saa nane mchana, jua kali, umeme ukakatika na nyumba nzima ikazima. Nikampigia fundi simu kwa hasira. Akacheka: "Dada, sola yenu imeungwa na gridi na haina betri. Gridi ikizimika, inveta inajizima yenyewe, isije ikapeleka umeme kwenye nyaya ikamuua mtu aliye juu ya nguzo."

Basi baba watoto akanunua jenereta ndogo. Akatengeneza na waya wenye plagi pande zote mbili, achomeke kwenye soketi ya ukutani. Fundi alipouona, aliukata kwa koleo palepale. Ukichomoka upande mmoja, zile pini ziko wazi na zina umeme, na sisi tulikuwa na mtoto anayetambaa. Pia umeme wa jenereta unaweza kutoka hadi kwenye transfoma mtaani, ukapandishwa kuwa maelfu ya volti. Na inveta ya sola inaweza kudhani gridi imerudi, ikaanza kuusukuma umeme wa paa kwenye jenereta. Jenereta haikuundwa kuupokea. Inaharibika, na friji na TV vinaweza kuungua nayo.

Akatufungia swichi ya chenjiova: upande huu gridi pamoja na sola, katikati zima, upande ule jenereta. Haviwezi kukutana. Kama sola yenu ina betri, inveta nyingine zina mahali pake maalumu pa kuunga jenereta. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, siyo shemeji anayejua kidogo.

Nikaona tumemaliza. Kumbe tulishughulikia umeme, moshi tukausahau.

Usiku mmoja wa mvua tuliiweka jenereta baraza ya nyuma, isiloe wala isiibwe. Dirisha la jikoni liko palepale. Mwanangu wa miaka sita akasema kichwa kinamuuma. Nikampa parasetamo. Dada wa kazi naye akasema ana kizunguzungu. Mimi nasikia kichefuchefu, nikasingizia chakula. Nikamwamsha mdogo, akafungua macho, akayafumba tena. Hapo moyo ukanipasuka. Watu wanne, saa moja, na hakuna mwenye homa. Jamani, malaria haiji hivyo!

Tulitoka nje na mvua yake, watoto mikononi. Baba watoto akazima mashine, akatupeleka hospitali. Nilipofika, mimi muuguzi nikambana mtoto kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni. Kikaandika 98. Ningekiamini, ningerudi nyumbani. Lakini kaboni monoksaidi inakamata damu mahali pa oksijeni, na kifaa kile cha kawaida hakiwezi kutofautisha. Daktari akatuwekea wote oksijeni, na kufikia asubuhi watoto walikuwa wanagombania chai.

Ndiyo maana nakuandikia. Hewa hii haina rangi wala harufu. Usingoje kuinusa. Watoto inawapata haraka, na mama mjamzito anaweza kujisikia nafuu huku mtoto wa tumboni bado yuko hatarini, kwa hiyo yeye aende hospitali hata akiona amepona.

Shika haya:
- Jenereta ikae nje kabisa, angalau mita 6 kutoka madirisha na milango, moshi uelekee mbali na nyumba, na ya jirani pia. Baraza siyo nje. Gereji siyo nje.
- Mvua ikinyesha na huna kibanda cha mbali kilicho wazi, washa taa ya chaji mlale.
- Vichwa vikiuma zaidi ya mtu mmoja, tokeni wote kwanza. Dawa baadaye.
- Hospitali sema wazi: "Tulikuwa na jenereta inawaka." Usiposema, unaweza kupimwa malaria ukarudishwa nyumbani.

Usiku huu kabla hujalala, nenda kaangalie yenu imekaa wapi. Kama baba watoto anabisha, msomee hii. Mwambie nesi naye alikosea.

Sehemu ya 4 tutaongelea jiko la mkaa chumbani. Ni hewa ileile, mama.