Viatu Vipya Chini ya Kitanda

Kiatu kipya aghalabu huingia nyumbani kwa shangwe. Watoto hukishika, hukinusa, hubishana juu ya bei yake, na aliyenunuliwa hutakiwa akivae papo hapo ili wote wamwone. Desturi hiyo haina ubaya wowote maadamu kiatu chenyewe ni cha kwendea sokoni au kanisani. Kwa mtu akimbiaye mlimani mambo ni mengine kabisa, na tofauti hiyo nusura ilete chuki katika nyumba ya karani mmoja wa serikali huko Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda.

Nchi ile ni nchi ya wakimbiaji. Huko ndiko alikotoka Joshua Cheptegei, mshindi wa mita 10,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Pande hizo hizo za Sebei ametoka Victor Kiplangat, ambaye mwaka 2017 alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani huko Premana, Italia, na mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Budapest. Karani huyu si wa daraja hilo, wala hajidai kuwa. Ni baba wa watoto watatu, mwenye miaka thelathini na kitu, ambaye huamka alfajiri akakimbia kwenye vijia vilivyo kati ya mibuni na migomba, apate kurudi kuoga kabla ya saa za kazi. Alianza baada ya kumzika kaka yake, aliyeuawa na shinikizo la damu kabla ya kutimiza miaka arobaini na mitano.

Viatu vyake vilikuwa vya mitumba, vimeshonwa ubavuni mara mbili. Mkewe alivionea haya. Kwa muda wa miezi saba mama huyo alitenga fedha za mayai, kidogo kidogo, akazificha ndani ya kopo la majani ya chai, hata siku moja akateremka Mbale na kurudi na viatu vipya vyenye soli ya meno. Akampa mumewe siku tatu kabla ya mashindano ya kupanda mlima. Bwana alishukuru sana. Akavivaa, akatembea sebuleni mara mbili, akavivua na kuviweka chini ya kitanda. Usiku ule mama hakula.

Yafaa kumtetea bwana huyo. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mlima ni kupanda. Kupanda huchosha mapafu. Kuteremka ndiko kunakojeruhi miguu. Katika mteremko uzito wa mwili husukuma mguu mbele ndani ya kiatu, vidole vikagonga ncha. Hatua moja si kitu, lakini hatua elfu kadhaa huvilisha damu chini ya kucha, kucha ikawa nyeusi, na baada ya majuma ikang'oka. Tena mguu wa asubuhi si mguu wa adhuhuri: kwa joto na mwendo huvimba. Ndiyo maana kiatu cha mlimani ni vizuri kinunuliwe jioni, kwa mguu uliokwisha kutembea kutwa, na kiachwe nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kilicho kirefu kuliko vyote. Kisigino nacho hakitaki nafasi. Kikicheza, ngozi husuguliwa na lengelenge likaota. Hata kiatu chenye kipimo sawasawa, kikiwa kipya, hakijazoea mahali mguu unapokunjika, na mguu nao haujazoea unene wa soli. Juu ya udongo wa Elgon, ambao ukinyeshewa huteleza kama sabuni, ugeni huo mdogo watosha kumtegua mtu kifundo.

Wala karani hakuwa wa kwanza kuviacha viatu vipya. Abebe Bikila wa Ethiopia alipofika Roma kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1960, viatu alivyopata havikumkaa vizuri. Akaamua kukimbia marathoni miguu mitupu, kama alivyozoea mazoezini, na akashinda. Miaka minne baadaye, huko Tokyo, alikimbia na viatu na akashinda tena.

Lakini habari za Roma hazimfariji mke anayejua kwamba mumewe atapita mbele ya majirani wote na viatu vilivyoshonwa.

"Watu watasema mshahara wako nimeula mimi," mama alisema usiku wa kuamkia mashindano.

"Na waseme, mama watoto. Nikivivaa kesho vitanitoa ngozi, nami nitavichukia. Sitaki kuvichukia."

Mama hakujibu. Akageukia ukutani.

Kesho yake bwana alipanda vizuri. Katika kuteremka, soli ya kiatu cha kulia ilifunguka mbele ikawa kama mdomo wa bata, ikambidi asimame kuifunga kwa kamba ya mgomba. Alifika miongoni mwa wa mwisho, kucha zake zote zikiwa salama, na vijana waliokaa kando ya njia wakamcheka. Mama hakucheka. Alikuwa amesema viatu vile vimekwisha, na kweli vilikuwa vimekwisha. Hapo naye alikuwa na haki yake. Kilichopungua ni siku tu. Zawadi ile ingalitolewa mwezi mmoja kabla, ugomvi wote usingalikuwapo, ingawa ni vigumu kumlaumu mtu kwa sababu mayai hayakutagwa upesi.

Jumatatu iliyofuata viatu vilitoka chini ya kitanda. Juma la kwanza bwana alivivaa jioni ndani ya nyumba, pamoja na soksi zile zile za kukimbilia. Kisha akavivaa kwenda sokoni, kisha mbio fupi za tambarare, na mwishowe mteremko mdogo wa nyuma ya shule. Kabla ya kuteremka husimama akakaza kamba za juu karibu na kifundo ili mguu usisonge mbele, akizilegeza zile zilizo karibu na vidole.

Mvua zilipoanza, mama mwenyewe alishika kazi ya kuvitunza. Huvisugua matope kwa maji baridi, hutoa soli ya ndani, huvijaza karatasi za gazeti na kuzibadilisha zikilowa, kisha huvianika kivulini mbali na jiko, kwani joto la moto huachisha gundi. Watoto wamekatazwa kuvigusa. Sasa meno ya soli yameanza kulika upande wa nje, na lile kopo la majani ya chai limeanza tena kulia likitikiswa.