Kutoka Feri Hadi Gerezani: Safari ya Kutafuta Kinoo

Ukishuka pantoni upande wa Magogoni asubuhi, kinachokupokea kwanza ni harufu ya samaki. Na ukitega sikio, ni mlio wa visu vikinolewa. Katika soko la Feri, vijana wanaopara samaki hawangoji kisu kiwe butu. Kila baada ya samaki kadhaa hukipitisha kwenye jiwe, kisha huendelea.

Nilisimama kuwatazama kwa kuwa nilikuwa na deni moyoni. Iddi ya kuchinja iliyopita, nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, nilikabidhiwa kuandaa visu. Niliviosha, nikavifunga katika kitambaa safi, lakini sikuvinoa. Mbuzi wa tatu alichinjwa kwa kisu kilichokwisha makali. Mchinjaji alikikokota zaidi ya inavyostahili, nasi tuliomshika mnyama tukakwepa kutazamana. Chuoni nilihifadhi Hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) ametuagiza kufanya ihsani katika kila jambo, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake na ampunguzie mnyama mateso. Ulimi uliihifadhi, mkono haukuwa umeisoma.

Kutoka Feri nilitembea hadi Mnazi Mmoja, nikakatiza Kariakoo, nikafika Gerezani, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na mafundi wa chuma. Dukani nililiona jiwe laini kama kioo, lenye namba 8000. Nikalishika nikidhani kuwa la bei kubwa ndilo bora. Mzee mmoja aliyeketi kando ya cherehe yake akanitazama.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Unanyoa au unachinja?”

Swali hilo ndilo lililonifundisha kuchagua. Namba ya jiwe, alieleza, huonyesha ukubwa wa chembe zake: namba ikipanda, chembe huwa ndogo zaidi. Jiwe la 400 hula chuma kwa haraka, nalo hufaa kisu kilichopasuka makali. La 1000 hutoa makali ya kazi. Mawe laini zaidi husafisha makali ya wembe, ambao humaliziwa kwenye mkanda wa ngozi. Tena wembe hulazwa kabisa, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja, hivyo mgongo wenyewe hulinda mwinamo. Kisu hakina msaada huo. Mkono wa mnoaji ndio unaoshika mwinamo, kiasi cha nyuzi 15 hadi 20, bila kuyumba.

Basi anayeanza hahitaji mawe mengi. Kinoo kimoja chenye pande mbili, upande mkavu na upande laini, kinamtosha, mradi kiwe kirefu na kimenyooka. Achague maji au mafuta, asichanganye. Anoe upande mmoja mpaka kidole kihisi ukwaru mwembamba upande wa pili, toka shinani hadi nchani, ndipo ageuze. Kuhusu cherehe, mzee hakuipamba ingawa ndiyo riziki yake: ni ya haraka, lakini chuma kikipata moto hadi kugeuka rangi ya samawati, ugumu wake umepotea.

Nilivuka kurudi Kigamboni na kinoo kimoja kilichofungwa kwa gazeti. Wiki ya kwanza nilivichubua visu vya jikoni, na mama watoto akalalamika kwa haki. Wiki ya tatu alikata nyanya iliyoiva bila kuiponda, akanyamaza. Nilitambua kwamba nimefuzu.

Iddi ijayo, inshaAllah, visu vitanolewa usiku wa kuamkia siku hiyo, mbali na wanyama, kwani kunoa mbele ya mnyama anayesubiri kuchinjwa kunachukiza katika sheria. Nami nawashauri makatibu wenzangu: kabla ya kuandika orodha ya mgao wa nyama, ulizeni kwanza kinoo kiko kwa nani. Mnyama hana ulimi wa kutulalamikia katika kikao cha kamati, lakini Mola wake anaona.