Mwenzangu, Gari Lako Lina Spea?

Ukitamka neno "spea" mbele ya mashosti, kwanza watacheka, halafu watakuuliza ni kaka gani huyo. Tulieni jamani! Mwezi huu naongelea spea ya kweli, lile tairi la akiba la kwenye buti, maana nyumbani kwetu Raskazone limetugombanisha wiki nzima.

Tumenunua gari dogo la haibridi kutoka Japani, la mtumba lakini safi. Nikainua zulia la buti, tairi hakuna. Kuna sifongo lililochongwa, pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, na chupa ya gundi ya maji. Jeki nayo hakuna.

Hatujaibiwa. Watengenezaji wengi siku hizi hawaweki tairi la akiba ili gari liwe jepesi, linywe mafuta kidogo na gharama zipungue. Kwenye haibridi, betri nayo inataka nafasi yake. Wengine huweka kale katairi kembamba ka muda, kanakojazwa upepo wa PSI 60 na kasikotakiwa kuzidi spidi 80. Hiyo gundi inaziba tundu dogo la msumari pale tairi linapokanyaga barabara. Ubavu ukichanika, haina msaada. Tena chupa ina tarehe ya mwisho, na kwenye gari la mtumba huenda imeshapita zamani.

Mume wangu akasema, "Mama, hawa Wajapani si wajinga." Kweli si wajinga. Lakini kwao kuna JAF, chama cha wenye magari. Unapiga simu, fundi anakufuata ulipo.

"Baba," nikamjibu, "mimi napita Mkata saa mbili usiku, mtoto kalala kiti cha nyuma. Fundi pancha wa chini ya mwembe kashafunga, kaenda kwake. Tairi likipasuka hapo, hiyo gundi niifanyie nini?"

Akaniambia buti litajaa, na hiyo hela ina kazi nyingine. Hapo ndipo iliponiuma. Yeye gari analipeleka bandarini, Ngamiani sokoni, na jioni anarudi. Mimi kwa kazi yangu naenda nalo Dar mara mbili kwa mwezi, kilometa 350 hivi kwenda tu. Sasa iweje anayepima hatari awe yule asiyekutana nayo? Nikamuuliza hivyo hivyo, bila kununa. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hapo umenipata."

Tukakubaliana hivi: spea inunuliwe. Gari likiwa la mizunguko ya mjini, inakaa stoo. Mmoja wetu akivuka Segera, inaingia kwenye buti, mizigo ijibane.

Kama na nyie mko njia hiyo hiyo, chukueni rimu yenye idadi ile ile ya matundu ya nati na nafasi ile ile kati yake, na tairi la saizi iliyoandikwa kwenye ubavu wa yale mengine. Angalieni pia tarakimu nne za mwisho za DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nunueni jeki na spana ya magurudumu. Pimeni upepo wa spea kila mwezi, maana spea isiyo na upepo ni mzigo tu. Halafu kila mmoja abadilishe tairi mwenyewe uani, mchana kweupe, mwenzie akiangalia bila kucheka.

Na kabla hamjaanza kubishana kuhusu hela, ulizaneni kwanza: ni nani kati yetu anayekuwa barabarani usiku? Huyo ndiye apewe neno la mwisho.