Nyota Njema na Rejista ya Darasa

Wahenga walinena kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Nami, mwalimu wa lugha hapa Kansanga, nauliza: huonekana na nani?

Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda mashindano ya kanda ya besiboli, wakastahiki kwenda Williamsport, Marekani, kwenye fainali za Little League. Walinyimwa viza kwa sababu ya hitilafu katika hati za umri. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika huko, timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali hizo, wakawashinda wenzao wa Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male.

Msaka vipaji huja na kifaa cha kupimia kasi ya mpira, lakini kabla yake yuko mwalimu mwenye rejista. Kila mwaka nimwulizapo mzazi tarehe ya kuzaliwa mtoto, hakosi anijibuye, “Alizaliwa wakati wa mvua.” Hapo ndipo kazi ianziapo. Tarehe isipothibitishwa mapema, mkono hodari huenda usivuke bahari. Basi, ndugu walimu, tuulize kwa subira, tuandike sawasawa.